Maneno Mazuri ya Kumtoa Judy Klabuni

Discovery Gardens,
Jengo la nyuma, chumba cha watu sita,
Dubai.

Jumapili, 22 Juni 2025

Mpwa wangu mpendwa Ivy,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umevaa sweta, na hujaanza tena kile kikohozi chako cha kila Juni. Baba yako je, bado anabishana na daktari kuhusu chumvi? Na githeri ya shule, siku hizi ina maharagwe au bado mnayatafuta kwa tochi? Mimi sijambo. Joto la huku limefika pale ambapo hata Mhindi wa duka la chini, aliyezaliwa hapa hapa, analalamika, na yeye kwa kawaida hulalamikia Wakenya tu. Goti la kushoto linaniuma nikisimama, na kazi yangu ya ulinzi wa shule ni kusimama, kwa hiyo tumeshazoeana.

Nakuandikia kwa karatasi kama watu wa zamani kwa sababu shule yenu haitaki simu. Alfred, ambaye kitanda chake kiko juu ya changu na ndoto zake zote nazisikia, anakuja likizo Alhamisi. Atampa mama yako barua hii, naye atakuletea siku ya wazazi. Nimeifunga kwa gundi. Najua mama yako ataifungua hata hivyo, kwa hiyo: habari ya huko, dada Teresiah, endelea tu kusoma.

Pokea kwanza pongezi zangu kwa kuchaguliwa mwenyekiti wa Klabu ya Mdahalo. Mama yako alinipigia simu akaimba wimbo mzima kabla ya kuniambia kuna nini, nikadhani kuna harusi. Katika ukoo wetu cheo kikubwa kilichowahi kuonekana ni cha marehemu babu yako, aliyekuwa naibu katibu wa kamati ya mazishi, na hata hicho alikipata kwa sababu katibu alikuwa amezikwa. Wewe umekipata kwa kura za watu walio hai. Si haba.

Sasa nije kwenye barua yako. Umeniandikia kwamba Judy, unayekaa naye dawati moja, yumo katika wale wanne watakaokwenda mashindano ya kaunti, na kwamba akisimama mbele ya watu kile kigugumizi chake humkaba mpaka dakika zake zinaisha. Unataka kumtoa. Hukuniuliza kama umtoe au usimtoe. Hilo umeshalimaliza mwenyewe, hongera. Umeniuliza hivi: “Anko, huko kwenye shule yenu watoto wa maana wana klabu ya kujifunza uongozi. Nipe maneno mazuri ya kumwambia Judy asiumie.”

Umebisha mlango wenyewe, mwanangu. Maneno hayo ninayo mengi. Kila Jumanne mimi husimama kwenye mlango wa maktaba wakati klabu hiyo inapokutana, na wao huongea mbele yangu kama vile mimi ni friji: nipo, nangurumanguruma kidogo, sina masikio.

Nikueleze kwanza jinsi inavyofanya kazi. Klabu ina kamati ya wanafunzi, na mwalimu mlezi ambaye watoto wote humwita Sir, nasi walinzi vilevile. Sir amesoma kitabu fulani cha mameneja wa makampuni, na humo ametoa desturi moja anayoipenda kuliko mke. Mwisho wa kila muhula, kamati lazima imtoe mwenzao mmoja. Kosa si lazima liwepo. Kinachotakiwa ni wajifunze kufanya uamuzi mgumu. Kila mtu humwambia mhusika neno lake la kumuaga, mikono inanyooshwa mbele ya macho yake, halafu yeye anasimama anatoa shukrani, na wote wanampigia makofi mpaka atoke mlangoni. Huo ndio uongozi, Ivy. Mimi niliwahi kuona kuku akichaguliwa wa Krismasi, lakini yule hakutakiwa kushukuru.

Mwaka huu mwenyekiti alikuwa Yazan, kijana mzuri wa sura, mrefu, mwenye sauti ya mtangazaji wa habari. Na katika kamati kulikuwa na binti wa kwetu, Khairunisa, mtoto wa Shakir wa Mombasa anayeuza vipuri vya magari mtaa wa Deira. Shakir si tajiri. Alimpeleka binti katika shule ile kwa kujibana mpaka mbavu zikagusana. Mpango wao ulikuwa mmoja: kuna chuo kikuu kinachosomesha bure mwanafunzi aliyekaa katika uongozi wa shule mwaka mzima, akapewa barua na shule kuthibitisha. Khairunisa alama alikuwa nazo. Kilichobaki ni kukaa kwenye kile kiti cha kamati hadi Juni. Kiti tu.

Na alikuwa anakifanyia kazi. Barua za klabu aliandika yeye, viti alipanga yeye, na ile safari ya Oktoba ya kwenda Muhaisnah aliipanga yeye kuanzia basi hadi maji.

Muhaisnah ndiko wanakolala vibarua wa ujenzi na usafi, majengo kwa majengo, mabasi ya kampuni yakiingia na kutoka. Klabu iliamua kwenda Jumapili kuwagawia wafanyakazi kofia na juisi, na mimi nikapewa kazi ya kulinda mabasi, sijui dhidi ya nani. Kofia ziligawiwa upesi. Picha ndizo zilizokawia. Yazan aliwapanga wale wanaume juani safu mbili, wafupi mbele. Joto la Oktoba huku bado halijaomba radhi.

“Mwambieni yule mrefu atabasamu,” akasema Yazan. “Si hivyo. Anaonekana kama analia.”

Yule mrefu ni Zedekiya, mtu wa Busia, nasali naye. Husafisha maduka makubwa usiku, na alikuwa ametoka kazini asubuhi ile ile, hajagusa kitanda. Akamwambia mwenzake kwa Kiswahili, meno nje, kamera ikimtazama: “Hawa watatuua na juisi.”

Khairunisa akaangua kicheko. Kisha akaacha kucheka. Akamsogelea.

“Kaka, wewe hujalala?”

“Dada, mimi usingizi nimeuona Ijumaa, ukinipungia mkono.”

“Basi si mwende mkalale?”

“Na picha je?”

“Watapiga ukuta.”

Akawageukia wengine akawaambia kwa kile Kihindi na Kiarabu alichookota dukani kwa baba yake, khalas, khalas, yaani basi, asanteni, nendeni. Ungeona zile safu zilivyoyeyuka! Watu wazima walikimbia kama watoto waliosikia kengele. Yazan akabaki na kamera yake, na ukuta kweli.

Ndani ya basi Sir alisema kwa sauti ya upole sana, “Khairunisa, tulikuwa na mpango.” Mimi niliketi mbele, nikaona kwenye kile kioo cha dereva jinsi macho ya wenzake yalivyotua juu yake yote pamoja, yakapumzika. Yule kuku alikuwa amepatikana.

Desemba ikafika. Kufikia wiki ya kura, shule nzima ilijua ni nani, na Khairunisa akamwambia mama yake.

Mama yake anaitwa Rukiya, na hapa ndipo penye kosa, maana ni kosa ambalo watu wa pwani pekee wangeweza kulifanya. Kwao mtu hawapelekei wenye kauli shida ya mwanawe akiwa mikono mitupu. Si hongo, usije ukafikiri mambo ya kwetu ya bara. Ni heshima. Mchana wa siku ya kura nikamwona langoni na sinia imefunikwa kitambaa: mahamri ya iliki, viazi karai, na kaimati zilizolala kwenye shira ya sukari zinameremeta. Nyuma ya kitambaa kile kulikuwa na usiku mzima wa kukanda.

Nikamwambia, “Mama, lakini hao ni watoto tu.”

“Watoto wenye kauli juu ya mwanangu ni wakubwa zangu hao,” akasema. “Wapelekee, baba. Wambie ni salamu za mamake Khairunisa, wale wastarehe. Mtu akisha kula chako, huona haya.”

Nikaibeba. Nikaiweka mezani maktaba, nikatoa salamu kama nilivyoagizwa, nikarudi mlangoni kuwa friji.

Ivy, walikula! Sijapata kuona watoto wa matajiri wakila vile. Walikula kwa mikono yote miwili. Yazan shira ilimtiririka kidevuni. “Hizi ni kama za nyanya yangu kabisa,” akasema, na kwa dakika ile alikuwa mtoto wa mtu. Khairunisa alikuwa akiwapitishia tishu. Alitabasamu kidogo. Nadhani na yeye alikuwa anaingoja ile haya ya mama yake ifike.

Sir akajifuta vidole, kimoja kimoja. “Haya. Tuanze.”

Sasa kaa sawa, maana maneno mazuri uliyoniomba yanaanza hapa.

Wa kwanza alikuwa msichana aliyekuwa akinakili hesabu za Khairunisa kila asubuhi kwenye ngazi, nikiwaona. Akasema: “Khairunisa, tunakuthamini mno, ndiyo maana tunakuwa wakweli kwako.” Zuri sana hilo. Unaweza kulitumia kwa Judy bila kubadilisha chochote isipokuwa jina.

Wa pili: “Wewe kama wewe huna tatizo. Tunaangalia tu mahitaji ya timu.” Hili nalo litakufaa, hasa kwa kuwa ni timu kweli.

Wa tatu: “Naamini jambo hili litakukomaza. Siku moja utatushukuru.” Huyu alisema akiwa bado anatafuna.

Kisha mwenyekiti. Yazan alisimama, akafunga kifungo cha koti. “Mimi hili linaniuma kuliko yeyote hapa,” akasema. “Khairunisa ni rafiki. Lakini kule Muhaisnah ulituangusha. Na leo, kusema kweli, umenisikitisha zaidi. Familia yako imeleta chakula siku ya kura. Sote tunajua hicho ni nini. Kiongozi hawezi kununuliwa.” Akaokota kaimati ya mwisho, akaila.

“Umeligusa vizuri sana hilo, Yazan,” akasema Sir.

Khairunisa akafungua mdomo. “Mama yangu hakuwa...”

“Huu ni wakati wa kusikiliza,” Sir akamkatiza. “Wakati wako unakuja. Wanaoafiki?”

Mikono yote ilinyooka. Mkono wa yule wa hesabu ulipanda nusu, ukasimama pale hewani ukitazama wengine wako wapi, kisha ukamalizia safari.

Wakati wake ukaja. Alisimama. Akasema, “Asanteni kwa nafasi. Nimejifunza.”

“Na unajisikiaje?” Sir akauliza, maana hata hilo limo katika kitabu.

“Sinia ni ya mama,” akasema Khairunisa. “Naiomba.”

Mmoja akacheka. Yazan akamwambia asijali, watu wa usafi wataiosha waipeleke langoni. Khairunisa hakumsikia, au hakutaka kumsikia. Akaichukua, akakikunja kile kitambaa mara nne, akaanza kutoka, nao wakaanza kupiga makofi kama desturi inavyotaka. Nilimfungulia mlango. Makofi yalimfuata ukumbini mpaka mlango ukajifunga wenyewe, na hata hapo yakaendelea kidogo, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Nikamsindikiza hadi langoni. Mama yake alikuwa amejibanza kwenye kivuli cha basi. Alipoiona ile sinia, uso ukamchanua kama mtu aliyepata mjukuu.

“Wamekula chote!” akasema. “Alhamdulillahi! Si nilikwambia? Wamekula chote?”

“Ndiyo, mama,” Khairunisa akajibu. “Wamekula chote.”

Hakumwambia mpaka walipofika nyumbani. Hilo alinisimulia Shakir mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya mafuta.

Ile nafasi ya chuo haikupatikana. Khairunisa aliomba barua, akapewa, na barua ilikuwa ya kweli: ilisema alikuwa katika kamati hadi Desemba. Chuo kikataka mwaka mzima. Masomo ameyamaliza, na sasa yuko dukani kwa baba yake Deira, anawauzia mafundi wa Kipakistani mikanda ya feni na kuwaandikia risiti kwa mwandiko ambao ungefaa kuandikia katiba. Shakir anasema atajaribu tena, inshallah. Anaisema ile inshallah kama watu wa huku wanavyoisema wakikuambia watakupigia simu. Nilipita pale mwanzo wa mwezi huu kumjulia hali Khairunisa. Nikamuuliza atafanya nini. Akasema, “Mjomba, ngoja nimhudumie huyu.” Nikangoja. Akaja mwingine, na mwingine. Nikaondoka.

Alhamisi iliyopita shule ilikuwa na siku ya zawadi. Ofisi ilimpigia Rukiya simu kumwomba awapikie kaimati za wageni, kwa sababu watoto wa klabu bado walikuwa wanazikumbuka. Watalipa, wakasema. Akaniambia jibu alilowapa: “Nimewambia mafuta yamenishia.” Halafu tukaagana.

Wageni wakala keki. Yazan akaitwa jukwaani kupokea ngao ya kiongozi bora, na Sir akaisoma ile insha iliyomwingiza chuo kikuu huko ng’ambo. Insha ilihusu siku aliyolazimika kumwachia rafiki yake aende kwa ajili ya haki. Ilikuwa imeandikwa vizuri, siwezi kusema uongo. Ndani yake yeye hakulala usiku ule. Ndani yake rafiki alimkumbatia na kumwambia amefanya sawa. Mama mmoja mbele yangu alitoa leso. Walipoanza kupiga makofi Sir alitutazama sisi walinzi ukutani, nasi tukapiga.

Basi, mwanangu, maneno ni hayo. Yote yamejaribiwa na yanafanya kazi. Hakuna hata mmoja kati ya walioyasema aliyeugua. Ukitaka mengine nitakuandikia, kila Jumanne yanazalishwa mapya. Una kipaji, nakwambia bila kukutania. Mwingine angeuliza kwanza kama ni haki, wewe ukaanza na namna ya kulipaka asali. Utafika mbali.

Najua utakachosema: mashindano hayana huruma, majaji wana saa mkononi, na Judy atawaangusha. Inawezekana kabisa. Mnaweza kwenda naye mkashindwa vibaya, mkarudi shuleni mmenuna kwenye basi. Sikuambii uongo kwamba Mungu atamfungua ulimi siku hiyo watu walie. Mungu ana shughuli nyingine.

Ila kama umeshaamua, nakupa sharti moja la mjomba. Usimwambie Judy. Mwambie mama yake. Siku hiyo hiyo ya wazazi utakayopewa barua hii atakuwepo, na unajua jinsi anavyokuja: na ile ndoo nyeupe ya chapati na kuku, ya watoto wawili, maana mama yako akichelewa na gari la Kitale yeye hakuachi ukae na njaa. Hajawahi kukuacha. Keti naye kwenye nyasi. Chukua chapati. Kisha mwambie yale uliyochagua, lile la kuthamini au lile la timu, vyovyote, huku unatafuna. Wenzako wa huku waliweza, na hakuna aliyepaliwa. Ukiweza na wewe, basi hiyo klabu imekufunza kila kitu na mimi sina la kuongeza.

Nikomee hapa, karatasi inaisha na Alfred anataka kufunga sanduku. Mpe baba yako Harrison salamu, mwambie aache chumvi, sisi tunamhitaji. Mwambie mama yako ile kamba ya kuanikia aliyoniagiza, Alfred anayo. Bibi mbusu kwenye paji la uso. Mungu akulinde na baridi, na akulinde na makofi pia.

Na Judy msalimie kwa jina langu. Mwambie Anko Austine anamuulizia. Halafu msubiri mpaka amalize kuitikia.

Mjomba wako akupendaye, hata leo,

Austine